Wasaidizi wa Lugha: Kutoka Ujiji Hadi Twywell na Berlin

Jina la Ujiji hujulikana na wengi kwa salamu moja. Ni ile aliyoitoa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipomkuta Dkt. David Livingstone katika mji huo wa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe siku hiyo ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871; waliozipekua shajara wanaona kwamba ilikuwa siku kadhaa kabla ya hapo. Salamu ile imechorwa na kuchongwa, na katika makumbusho ya Ujiji, jirani na miembe isemekanayo kuwa ni machipukizi ya mwembe wa zama zile, waliwekewa sanamu Wazungu wawili wakiamkiana.

Lakini ukiyasoma maandishi ya Stanley kwa utulivu utaona kwamba salamu hiyo haikuwa ya kwanza ya Kiingereza kumfikia Ujiji. Alipokuwa bado njiani, katikati ya milio ya bunduki na umati uliotoka kuulaki msafara, alisikia mtu akimwamkia kwa Kiingereza kilichonyooka. Akageuka, akamwona mtu mweusi aliyevaa kanzu ndefu nyeupe na kilemba cha marekani. Alipomuuliza ni nani, akajibiwa kuwa ni Susi, mtumishi wa Daktari. Punde akatokea wa pili, Chuma, naye akaamkia kwa lugha hiyohiyo. Ndipo Susi akatimua mbio kwenda kumpa bwana wake khabari.

Nataka tusimame kwa watu hawa wawili, kwani kwao inaanza historia ambayo sijaiona ikiandikwa kwa ukamilifu katika lugha yetu: historia ya wasaidizi wa lugha. Nakusudia watu waliochukuliwa kupelekwa ng'ambo, si kwa nguvu za mikono yao wala kwa bidhaa zao, bali kwa kile kilichokuwamo vinywani mwao. Mtu wa namna hii huketishwa kando ya mwenye cheo. Mwenye cheo hushika kalamu, naye hutamka. Mara nyingi yeye ndiye ajuaye, lakini hahesabiwi kuwa mjuzi.

Abdullah Susi alikuwa mtu wa Shupanga, ukingoni mwa mto Zambezi, na alianza kazi kwa Livingstone mwanzoni mwa miaka ya 1860 akiwa mtu wa vyombo na mashua. Chuma alikuwa Myao aliyetolewa katika minyororo ya wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861, akiwa mtoto bado. Wote wawili walivuka bahari na Livingstone hadi Bombay mwaka 1864. Huko Chuma alitiwa skuli ya wamisionari na akabatizwa kwa jina la James, ilhali Susi, kwa kadiri niwezavyo kuona, Kiingereza chake kilitokana na kazi. Waliporejea Afrika Mashariki mwaka 1866 walikuwa na lugha ambazo hakuna msafara uliowahi kuzikusanya katika watu wachache kiasi hicho: za Zambezi, Kiyao, Kiswahili, Kiingereza, na chochote kingine walichokiokota bandarini Bombay. Machi 1869 waliingia Ujiji na mzee wao mgonjwa. Ujiji nayo, kwa wakati ule, ilikuwa tayari mji wa Waswahili. Richard Burton na John Speke waliufikia Februari 1858 wakawakuta humo Waarabu na watu wa pwani, miaka kadhaa kabla Sultani Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam. Nalisema hili kwa makusudi, na nitalirudia mbele, kwa sababu wapo wenzetu wa visiwani wadhanio kwamba Kiswahili kilifika ziwani jana kwa treni.

Khabari ya kifo cha Livingstone, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, na ya watu wake kuukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874, imekwisha simuliwa mara nyingi. Isiyosimuliwa sana ni ya baada yake. Mwili ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Aliyeusindikiza katika meli, kwa nauli ya wamisionari, alikuwa Jacob Wainwright, mmoja wa vijana waliosomeshwa Nasik kule Uhindi. Susi na Chuma, walioongoza kazi yote ya kuubeba, hawakuwapo mazikoni. Walifika Uingereza baadaye, kwa gharama za James Young, tajiri wa mafuta ya taa aliyekuwa rafiki wa marehemu. Hawakuitwa kuomboleza. Waliitwa kufanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Livingstone aliacha madaftari na vijikaratasi vilivyoandikwa katika hali ngumu. Karatasi zilipomwishia huko Umanyema aliandika juu ya magazeti makuukuu, kwa wino wa majimaji ya matunda. Aliyekabidhiwa kuzitengeneza kuwa kitabu alikuwa Horace Waller, kasisi wa kijiji cha Twywell, ambaye alimjua Chuma tangu utotoni katika misheni ya bonde la Shire. Waller aliweza kuusoma mwandiko, lakini mwandiko hauwezi kukwambia jina hili ni la mto au ni la jumbe, njia ilipita kulia kwa kinamasi au kushoto, nani alikufa wapi na kwa sababu gani. Susi na Chuma waliketi naye miezi kadhaa wakiyatafsiri hayo. Waller mwenyewe katika utangulizi wake anausifu uwezo wao wa kukumbuka majina, mahali na nyakati. Na habari za siku za mwisho za Livingstone, ambazo hakuna aliyeweza kuziandika isipokuwa waliokuwapo, zilitoka vinywani mwao zikapita katika kalamu yake.

Kitabu kilitoka mwishoni mwa 1874. Mimi ni mtu wa tafsiri. Kazi hii nilijifunza peke yangu kwa kamusi zilizochakaa, na moja ya tabia nilizozipata ni kuusoma ukurasa wa anwani kabla ya ukurasa mwingine wowote. Ukurasa wa kitabu hicho ni wa haki kuliko nilivyotaraji. Unasema kuwa hizi ni shajara za mwisho za David Livingstone, zikifuatiwa na maelezo ya mwisho wa maisha yake yaliyopatikana kwa watumishi wake waaminifu, Chuma na Susi. Kisha ndipo linapokuja jina la Waller. Majina yao yamo. Lakini wamo kama watumishi, na neno linalotumika kwa kazi yao ni kwamba habari zilipatikana kwao, kama maji yanavyopatikana kisimani. Mwanahistoria Dorothy Helly alionesha mwaka 1987 jinsi Waller alivyochagua na kupunguza ili Livingstone atoke amejaa utakatifu. Nani aliyewauliza Susi na Chuma kama wameridhika na kilichopunguzwa?

Walirejea Zanzibar mwaka huohuo. Chuma aliongoza misafara ya wamisionari, na mwaka 1879 alikuwa kiongozi wa msafara wa Joseph Thomson ulioyafikia tena maji ya Tanganyika. Alifariki Zanzibar mwaka 1882. Susi alikwenda na Stanley katika kazi ya Kongo, kisha akarudi, akabatizwa kwa jina la David mwaka 1886, akafa Zanzibar mwaka 1891. Wainwright alifia Urambo mwaka 1892. Hakuna hata mmoja aliyeitwa tena Ulaya kwa ajili ya lugha yake.

Naliandika hili kwa sababu ya swali. Mwaka 2011 nilikuwa Ujiji nikitafuta kasida za kale katika nyumba za masheikh, na nyumba niliyofikia alikuwamo binti wa skuli ya sekondari, nakusudia mwalimu, si mwanafunzi. Alikuwa akisomesha Kiingereza mjini Kigoma. Alikuwa amekubaliwa katika mpango wa Fulbright wa Wamarekani ambao ulichukua walimu vijana wa nchi mbalimbali wakasomeshe lugha zao katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Mwajiriwa wa namna hiyo aliitwa mwalimu msaidizi wa lugha. Ajabu ya mpango huo ilikuwa kwamba uliwataka hasa walimu wa Kiingereza: mtu huacha darasa lake la Kiingereza Kigoma akaenda kusomesha Kiswahili ng'ambo, na wakati huohuo akasoma masomo mawili kila muhula, moja likiwa linaihusu Marekani yenyewe. Saa za kazi hazikuzidi 20 kwa wiki. Mwaka ukisha, sharti arudi kwao.

Alikuwa na mambo yake yote tayari. Pasi ilikuwamo ndani ya bahasha, fomu za visa, barua ya kuombea likizo bila malipo, na mama yake alikuwa amekwisha anza kuchagua dagaa. Akaniuliza, "Mzee, wewe umezoea mambo ya vitabu. Hivi nijiandae vipi?" Nikamjibu mambo ya makoti na kamusi. Lakini swali lilinikaa, na jibu lake la kweli nililipata baadaye katika maktaba, kwa watu waliotangulia.

Waliotangulia hao hawakwenda Marekani, walikwenda Berlin. Mwaka 1887 ilifunguliwa huko, chini ya chuo kikuu cha mji, skuli ya lugha za mashariki iliyokusudiwa kuwafunza wakalimani na maafisa. Ujerumani ilikuwa imeanza kujitwalia nchi zetu, na mtu hawezi kutoza kodi kwa lugha asiyoijua. Kiswahili kilikuwamo tangu mwanzo, mikononi mwa Carl Gotthilf Büttner, mmisionari wa zamani ambaye Afrika yake ilikuwa ile ya kusini magharibi, kwa Waherero. Alihitaji ulimi wa mwenyewe. Akapatikana Sleman bin Said, mtu wa Zanzibar, na mwaka 1891 akafuata Amur bin Nasur, naye wa Zanzibar, aliyekaa hadi 1895. Cheo chao kiliitwa Lektor. Mwalimu Mjerumani alieleza sarufi; Lektor alisoma kwa sauti, akasahihisha matamshi, akazungumza na wanafunzi ili masikio yao yazoee. Amur bin Nasur aliandika habari za Berlin kwa Kiswahili, na Büttner akazichapisha mwaka 1894 katika mkusanyiko wake wa maandishi ya Waswahili. Kwa hakika ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya nathari yetu kuchapwa ambamo Mswahili ndiye anayemtazama Mzungu kwao, badala ya kutazamwa. Wapenzi wa fasihi wa visiwani wangestahiki kumjua Amur kuliko wamjuavyo.

Na Ujiji je? Ujiji ilikuwa ndani ya darasa lile. Baada ya Büttner kufa mwaka 1893 nafasi yake ilikuja kushikwa na Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya koloni, na mwaka 1901 Velten alitoa kitabu cha safari za Waswahili. Mmoja wa wasimulizi wake ni Suleiman bin Mwenye Chande, aliyeeleza safari yake ya biashara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Wajerumani walikuwa wameweka kituo chao Ujiji mwaka 1896. Kwa hiyo afisa kijana aliyepangiwa kwenda ziwani aliweza kuisoma njia yake, jangwa, hongo, mitumbwi na yote, kwa Kiswahili cha mfanyabiashara aliyeipita kabla yake, na akasahihishwa matamshi na mtu wa mrima, katika chumba chenye jiko la makaa, mbali na ziwa miezi ya safari. Alipofika Ujiji akaamkia watu kwa Kiswahili, watu wakastaajabu kwamba Mzungu huyu anajua. Aliyemjulisha hakuonekana.

Sasa turudi kwenye ukurasa wa anwani. Tafsiri ya Kijerumani ya kitabu hicho, iliyotoka mwaka huohuo wa 1901, inasema kwamba masimulizi haya yamekusanywa kutoka vinywani mwa Waswahili weusi, na neno walilolitumia kwa weusi ni lile la dharau. Majina makubwa katika anwani ni ya mabwana wa misafara: Wissmann, Bumiller, Graf von Götzen. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu kitabu cha Waller, na kutoka kwa watumishi wenye majina tumeshuka hadi kwenye vinywa. Mwenye mali tu ndiye aliyejiokoa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye mshirika wake Rumaliza ndiye aliyekuwa na nguvu Ujiji, aliandika maisha yake kwa ombi la Heinrich Brode, na yalipochapwa Berlin mwaka 1902 na 1903 jina lake lilibaki juu. Lakini Tippu Tip hakuwa msaidizi wa mtu. Alikuwa nyumbani kwake Zanzibar, na Brode ndiye aliyemfuata.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda mwenyewe. Alizaliwa karibu na mwaka 1869 upande wa Bagamoyo, akasoma chuoni, akawa mtu wa kuaminika kwa elimu yake. Mwaka 1900 alisafiri kwenda Berlin kuwa Lektor chini ya Velten. Kitabu kitokanacho na kazi yake kinajulikana na kila mtafiti wa pwani: Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903. Kuzaliwa na kutahiriwa, harusi na matanga, deni na utumwa, ngoma, pepo, misafara ya bara, yote yamo, kwa Kiswahili ambacho mpaka leo ukikisoma kwa sauti unasikia mtu anazungumza barazani. Velten katika utangulizi anakiri mchango wa Mtoro. Kwenye anwani lakini limo jina la Velten, aliyekusanya. Nimefanya kazi ya kutafsiri zaidi ya miaka 20 na najua kukusanya ni nini. Hakuna akusanyaye sentensi zilizonyooka namna ile. Sentensi za namna ile huandikwa, na aliyeziandika huwa na mkono wake.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Hapo ndipo msaidizi alipovuka mpaka wa kiti chake. Kumfundisha afisa kutamka lilikuwa jambo jema. Kuwa shemeji wa Mjerumani lilikuwa jambo jingine. Kazi yake Berlin ilikwisha mwaka 1905 baada ya mvutano, na mume na mke wakapanda meli kurudi Afrika Mashariki. Serikali ya koloni haikukubali washuke. Hoja ilikuwa heshima ya mtu mweupe: mwanamke wa Kijerumani hawezi kuishi Bagamoyo akiwa mke wa mtu mweusi. Fikiri, msomaji, mtu aliyekwenda kuwafundisha lugha ya nchi yake anarudi akiwa ndani ya chombo, pwani ya kwao inaonekana kwa macho, watu walioko gatini wanasema lugha anayoisomesha, naye hawezi kukanyaga. Wakarudishwa Ujerumani. Gavana wa wakati huo alikuwa Graf von Götzen, yuleyule wa kwenye anwani ya kitabu cha safari.

Watu wa Kigoma wanalijua jina hilo, hata wasiojua kwamba wanalijua. Meli iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli hadi Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika Februari 1914, ilipewa jina la gavana huyo. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikatekwa, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vizazi vya abiria, vya mawese na vya dagaa vimesafiri ndani yake. Katika mwaka huo wa 1927, meli ya Götzen ilipovuliwa jina lake Kigoma, Mtoro alifariki Berlin. Hakuiona tena Bagamoyo.

Miaka ya katikati alijitafutia riziki kwa mihadhara na kwa masomo ya faragha, na kuanzia 1909 kwa muda alifanya kazi Hamburg katika taasisi ya koloni chini ya Carl Meinhof, yule mwanazuoni wa lugha za Kibantu. Huko cheo hakikuwa tena Lektor. Kiliitwa Sprachgehilfe, neno ambalo ukilifasiri moja kwa moja ni msaidizi wa lugha. Mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, akiwa na umri wa miaka 40, akawa msaidizi.

Waliomfuata nitawapitia kwa haraka, ingawa mmoja wao hastahiki haraka. Mdachi bin Sharifu, Lektor wa Berlin tangu 1913, alisimama mbele ya hadhira za Wajerumani mwaka 1919 akausema ukatili wa utawala wao, jambo ambalo hakuna aliyetaraji kulisikia kutoka kwenye kiti kile. Na Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, aliyekuwa mtoto katika jeshi la Wajerumani wakati wa vita vya kwanza, alikwenda Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ya jeshini ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akawa mtumishi wa mezani katika jumba la starehe, na wakati huohuo msaidizi wa Kiswahili katika skuli ileile waliyoisomesha Amur na Mtoro, kwa ujira mdogo. Alitamka, wanafunzi wakaitikia, wakati Manazi wakiota kuyarudisha makoloni. Mwaka 1941 aliacha kazi hiyo, na mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo lenye jina lake njiani mjini Berlin, mbele ya mahali alipokuwa akiishi.

Nisidhaniwe kusema kwamba kila aendaye hupotea. Zama zilibadilika na nafasi nazo zikabadilika. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa alipokuwa London, jina lake lilitangulia au lilisimama sawa na la mwenzake P. J. L. Frankl katika maandishi waliyoyatoa pamoja. Abdilatif Abdalla alisomesha Leipzig tangu 1995 hadi 2011, na hakuna aliyefika kule akadhani kwamba amekuja kumsaidia mtu. Alikwenda akiwa na Sauti ya Dhiki nyuma yake. Hata Mtoro alirudishiwa chake: mwaka 1981 tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilichapwa Marekani ikiwa na jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari katika anwani, na mwaka 2009 Ludger Wimmelbücker alitoa kitabu kizima juu ya maisha yake, kilichochapwa Dar es Salaam. Miaka 78 si michache kwa kungojea anwani, lakini wapo wanaongoja bado.

Yule mwalimu wa Ujiji alikuwa na hofu nyingine, ambayo inatuhusu sisi wa visiwani. Aliogopa kwamba Kiswahili chake si cha kupelekwa ng'ambo. Alikwisha kuwasikia watu wa pwani wakicheka jinsi watu wa Kigoma wasemavyo, na katika kikao cha maandalizi mjini Dar es Salaam mwenzake mmoja alimwambia, kwa mzaha usiokuwa mzaha, asije akawafundisha Wamarekani Kiha. Nilikasirika kwa niaba yake. Kiswahili cha Ujiji kilijengwa na watu wa mrima, Waarabu, Wamanyema waliovuka ziwa, Waha na Wajiji wenyewe, katika soko lililokuwa likifanya kazi wakati mitaa mingi ya mijini kwetu ilikuwa minazi. Mtu wa Ujiji husema Kiswahili cha nyumbani, cha bibi zake. Na wale Lektor wa Berlin tunaowaenzi kwa usafi wa lugha walitokea katika miji iliyochanganyika vilevile. Usafi huo tumeuona sisi, baada ya kuwa wamekufa.

Nilichomwambia, nilipoweza kumwandikia baadaye akiwa tayari yuko huko, ni jambo dogo la ofisini. Nilimsihi ausome mkataba wake aone unasema nini juu ya mazoezi, hadithi na mazungumzo atakayoyatunga kwa ajili ya darasa. Akajibu kwamba mkataba haukusema kitu. Profesa wa somo hakujua Kiswahili. Alikuwa mtu wa historia aliyewekwa kusimamia. Kwa hiyo darasa lilikuwa lake kwa kila kitu isipokuwa cheo, na wanafunzi walikuwa 11, wawili wao wakitaka kujua Kongo kwa sababu ya wazee wao. Alikuwa akiwatungia mazungumzo yanayotokea kituo cha treni Kigoma, sokoni Mwanga na ndani ya Liemba, kwani kitabu walichokuta kilikuwa na hoteli na watalii tu.

Alirudi katikati ya mwaka 2012 na akarejea darasani kwake. Mazungumzo yale yalifika kurasa 40 na kitu. Aliyaacha kule kwa ajili ya msaidizi atakayekuja, lakini kabla ya kuyaacha aliyapiga nakala moja akaja nayo, na zote mbili alizitia jina lake kwa wino, chini ya kila ukurasa.